Upasuaji wa kinywa na urembo wa meno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Goma

Maswali yamepewa namba. Pale jibu linapogusa jambo lililoelezwa kwingine, utaona namba ya swali la kwenda kusoma.

## Mambo ya kuanzia

1. Upasuaji wa kinywa na urembo wa meno vinakutana wapi?

Urembo wa meno unashughulikia kinachoonekana: rangi, umbo, urefu na mpangilio. Upasuaji unashughulikia kinachobeba hivyo vyote, yaani mfupa wa taya, ufizi na mizizi. Aliyepoteza jino la mbele anataka jino zuri, lakini jino hilo likikaa juu ya mfupa uliobonyea litaonekana refu kuliko jirani yake, na kivuli cheusi kitabaki chini ya ufizi. Hakuna kauri nzuri kiasi cha kuficha msingi mbovu.

Kazi zinazoambatana mara nyingi ni kung'oa mzizi uliooza na kuweka implanti (skrubu ya kubebea jino, swali la 10) au daraja (swali la 11), kupunguza ufizi uliofunika meno kisha kuyavisha faseti (ganda jembamba la kauri linalobandikwa mbele ya jino), na kujaza mfupa uliopungua kabla ya kuweka jino jipya.

2. Kipi kinatangulia, upasuaji au urembo?

Mpango unaanzia mwisho, kazi inaanzia mwanzo. Kabla ya kisu chochote daktari apige picha ukiwa umetulia na ukiwa unacheka, achukue alama ya meno yako, kisha meno unayotaka yachongwe kwa nta juu ya nakala yake ya plasta. Mfano huo unaweza kuhamishiwa kinywani kwa resini (plastiki ya meno) ya muda, ukajitazama kwenye kioo na kuongea nao. Ndio unaomwambia mpasuaji akate ufizi hadi wapi na implanti aielekeze vipi.

Baada ya hapo, kwanza maambukizi yaondoke: ukoga mgumu ukwanguliwe, matundu yazibwe, mizizi isiyookoka ing'olewe, fizi ziache kuvuja damu. Ufizi uliovimba hauna mpaka wa kuaminika; ukiupima leo, ukipona utakuwa umeshuka. Kisha upasuaji wa mfupa na ufizi. Wakati kidonda kimetulia na kinaendelea kukomaa, ndipo meno yaliyobaki yang'arishwe. Kuroni (kofia ya jino) na faseti za kudumu ndizo za mwisho.

Kugeuza utaratibu huu kunaharibu. Faseti zikitangulia na ufizi ukakatwa baadaye, mstari wa gundi unabaki wazi, unashika doa na unaoza. Kuroni ikitangulia na meno yakang'arishwa baadaye, kuroni inabaki na rangi yake ya zamani kwa sababu kauri haing'ariki kwa dawa. Hata baada ya kung'arisha, subiri wiki 2 kabla ya kubandika chochote: oksijeni iliyobaki ndani ya jino inazuia gundi kushika.

3. Itachukua muda gani?

Kung'arisha nyumbani kwa vibao na jeli (swali la 6) ni wiki 2 hadi 4, na meno ya kahawia huhitaji zaidi. Ufizi uliokatwa pamoja na mfupa sehemu ya mbele unahitaji miezi 3 hadi 6 kabla ya kuroni ya kudumu. Implanti kwenye taya la chini huachwa miezi 3 au 4, taya la juu miezi 4 hadi 6 kwa kuwa mfupa wake ni laini zaidi. Kama mfupa ulijazwa kwanza, ongeza miezi 4 hadi 6 mingine.

Tunasisitiza hili kwa sababu watu wengi huja wiki tatu kabla ya harusi. Kwa wiki tatu unaweza kupata meno safi, jino la muda na rangi nyeupe zaidi. Mfupa hauharakishwi kwa pesa.

4. Nina mwanya katikati ya meno ya juu. Niuzibe?

Ukiupenda, uache. Mwanya ni uzuri unaotajwa katika nyimbo na sifa za harusi tangu zamani, na si ugonjwa. Chunguza tu kama umekuwa ukipanuka ukubwani: mwanya unaokua baada ya miaka 30 mara nyingi ni dalili kwamba mfupa unaoshika meno unapungua.

Anayetaka kuuziba, na ana mkanda mnene wa nyama unaotoka mdomoni hadi katikati ya meno, kwanza meno yasogezwe kwa nyaya, kisha mkanda ukatwe. Ukikatwa kabla, kovu linaweza kukaa katikati na kuzuia meno yasikutane.

## Meno ya kahawia ya huku kwetu

5. Kwa nini watu wengi wa Goma na pembezoni mwake wana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki?

Ni floridi, madini yaliyomo ardhini na majini. Ardhi yetu ni ya volkano, na moshi wa mlima Nyiragongo una floridi inayonyesha pamoja na mvua na kuingia kwenye matangi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Baadhi ya maji ya eneo la Virunga yanakipita. Mtoto akiyanywa wakati meno ya kudumu yanaundwa ndani ya taya, gamba la nje linatoka likiwa na matundu madogo. Jino linachomoza na mistari myeupe kama chaki, kisha matundu yale yanashika rangi na kuwa kahawia. Miaka ya hatari ni tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8. Mtu mzima akihamia Goma meno yake hayabadiliki kwa maji haya.

Kuchemsha maji hakuondoi floridi; maji yanapopungua sufuriani inazidi kukolea. Klorini nayo haiigusi. Mkaa wa mifupa huinasa, lakini lazima ubadilishwe unapochoka.

6. Madoa hayo yanaweza kuondolewa bila kuchonga meno?

Mara nyingi ndiyo, na njia nyepesi ijaribiwe kwanza. Tunasikitika kuona kijana wa miaka 20 aliyechongwa meno 10 mazima kwa madoa ambayo yangepungua kwa kusuguliwa.

Madoa mepesi husuguliwa kwa mchanganyiko wa asidi hafifu na unga wa pumisi, ufizi ukiwa umefunikwa kwa mpira. Kinachoondoka ni sehemu ndogo sana ya milimita. Halafu jeli ya kung'arisha ya peroksidi ya kabamidi ya 10% hadi 16% huwekwa kwenye kibao kilichotengenezwa kwa kipimo chako na kuvaliwa usiku. Usishtuke siku za kwanza madoa meupe yakionekana zaidi: jino likikauka weupe hujitokeza, kisha hutulia. Madoa meupe yanayobaki huweza kunyweshwa resini ya maji maji inayojaza matundu yale.

Penye mashimo au kahawia nzito huhitaji komposito (kijazio cha rangi ya jino), na mwisho wa njia ni faseti. Faseti huchongewa milimita 0.3 hadi 0.7, na mchongo ubaki ndani ya gamba la nje. Gamba la jino lenye floridi nyingi halishiki gundi kwa urahisi, hivyo muulize daktari kama atalisugua au kuongeza muda wa asidi kabla ya kubandika.

7. Ndimu, mkaa au majivu vinafaa?

Ndimu inayeyusha gamba la jino, na mkaa na majivu vinalikwangua. Jino linaonekana jeupe siku chache, kisha linageuka la manjano zaidi kwa sababu sehemu ya ndani, ambayo ni ya manjano, imekaribia nje. Gamba lililokwisha halirudi.

## Pengo na jino lililotoka

8. Nimeanguka na pikipiki, jino limetoka zima. Nifanye nini?

Lishike sehemu inayoonekana kinywani, usiguse mzizi. Kama lina udongo, limwagie maziwa au maji safi kwa sekunde chache tu, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake ukiwa umelielekeza sawa, uma kitambaa, nenda kwa daktari. Ukishindwa kulirudisha, liweke ndani ya maziwa. Usilifunge kwenye karatasi kavu. Ndani ya saa 1 nafasi ni nzuri, na kila dakika inahesabika. Daktari ataliunganisha na majirani kwa waya mwembamba kama wiki 2, atatibu mzizi, na atauliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Jino la mtoto la maziwa halirudishwi, kwa sababu linaweza kuumiza jino la kudumu lililo chini yake.

Ukipoteza fahamu, ukitapika au meno yakikataa kukutana kama zamani, nenda hospitali kwanza. Taya au kichwa huenda vimeumia.

9. Nimeng'olewa jino la mbele. Kuna ubaya nikisubiri mwaka mmoja?

Upo. Mfupa uliokuwa ukishika jino hauna tena kazi, unajila. Kwa mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya kwanza. Ukuta wa mbele, upande wa mdomo, ni mwembamba kama karatasi ngumu na ndio unaotangulia kuondoka.

Kwa hiyo jadili jino jipya kabla ya kung'oa la zamani. Mwombe daktari ang'oe polepole kwa kutanua mzizi badala ya kuvunja ukuta, na uulize kama tundu litajazwa chembe za mfupa siku hiyo hiyo.

10. Implanti ni kitu gani hasa?

Ni skrubu ya metali iitwayo titani inayopandwa ndani ya mfupa mahali pa mzizi. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba mfupa hushikamana na titani, na mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza. Sehemu ni tatu: skrubu ndani ya mfupa, kiungo juu yake, na kuroni inayoonekana. Skrubu nyingi zina kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Lazima ibaki angalau milimita 1.5 kati yake na jino la jirani, na milimita 3 kati ya implanti mbili. Ikibanwa, mfupa wa katikati unakufa na ufizi unaacha pembetatu nyeusi kati ya meno.

11. Nichague implanti, daraja au jino la kuvaa?

Daraja linachonga meno mawili ya pembeni ili yabebe la katikati. Kama majirani tayari yana matundu makubwa, daraja ni jibu zuri na linaisha ndani ya wiki chache. Kama majirani ni mazima, kuyachonga ni hasara. Kwa pengo moja la mbele lipo daraja la kubandika kwa nyuma lenye bawa moja, ambalo karibu halichongi kitu. Jino la kuvaa na kuvua ni la bei nafuu na ni la haraka, linafaa sana kipindi cha kusubiri, ila lisibonyeze kidonda. Likibonyeza, mwombe daktari alipunguze kwa chini siku hiyo hiyo.

Implanti haiozi na haigusi majirani. Inadai mfupa, muda, usafi wa kila siku na mtu wa kuifuatilia (swali la 22).

12. Nimeambiwa mfupa hautoshi. Wanaongeza vipi?

Daktari huweka chembe za mfupa na kuzifunika kwa utando ili ufizi usiingie ndani. Mfupa unaweza kutoka kwako mwenyewe, kwenye kidevu au nyuma ya taya la chini, au ukawa chembe zilizotayarishwa kutoka kwa ng'ombe. Utando mwingi hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Kama dini yako inakataza, uliza mapema. Vipo vya asili nyingine, lakini vinaagizwa.

Kabla ya hapo panahitajika skaneli ya taya yenye picha za pande tatu. Radio (picha ya eksirei) ya kawaida haionyeshi unene wa mfupa. Kwenye taya la chini pana mshipa wa fahamu wa mdomo. Ncha ya skrubu ibaki milimita 2 juu yake, la sivyo mdomo unaweza kubaki na ganzi.

13. Kuna fundi anayeweka jino siku hiyo hiyo bila kung'oa mzizi. Ni sawa?

Hapana. Anamwaga akriliki laini (plastiki ya meno bandia) juu ya mzizi uliooza na kuigandisha kwenye meno ya pembeni. Chini yake usaha unaendelea, mswaki haufiki, na akriliki inayogandia kinywani inachoma ufizi. Baada ya mwaka tunang'oa meno matatu badala ya moja. Kama tayari unalo, usilivunje mwenyewe kwa koleo. Hukatwa vipande vipande kwa mashine.

## Ufizi

14. Nikicheka fizi zinaonekana sana. Dawa yake ni ipi?

Inategemea chanzo, ndiyo maana watu wawili wenye kicheko kinachofanana hupewa matibabu tofauti. Ufizi unaozidi milimita 3 au 4 wakati wa kucheka ndio unaosumbua wengi.

Kama meno ni mafupi na ya mraba, huenda ufizi ulibaki umeyafunika. Unapunguzwa, na mara nyingi mfupa nao unasogezwa juu ili ubaki umbali wa kama milimita 3 kutoka mpaka mpya wa ufizi. Mpasuaji akikata ufizi peke yake pale mfupa uko karibu, ufizi unarudi ndani ya miezi michache. Kama meno yana urefu wa kawaida lakini mdomo unapanda sana, kisu cha ufizi hakisaidii, kwani tatizo ni misuli. Kama taya la juu lenyewe ni refu, tazama swali la 19.

15. Ufizi wangu ni mweusi. Uondolewe?

Ufizi wa rangi ya kahawia au mweusi ni wa kawaida kwa watu weusi, na hauhusiani na uchafu. Inawezekana kuukwangua tabaka la juu ukawa wa waridi, lakini rangi mara nyingi hurudi baada ya miezi au miaka. Tunakushauri pesa hiyo uitumie kwa kingine. Doa moja jeusi lililotokea ghafla, linalokua au kutoa damu, lionyeshwe bila kuchelewa.

## Siku ya upasuaji na siku zinazofuata

16. Niulize nini kabla ya kukubali?

Vyombo vinachemshwa kwa mashine ya mvuke? Nyuzi 134 kwa angalau dakika 3, au 121 kwa dakika 15, na pakiti ifunguliwe mbele yako ikiwa na mstari uliobadilika rangi. Umeme ukikatika katikati ya kazi kuna jenereta au betri? Mashine ya kutobolea mfupa lazima imwagiwe maji baridi ya chumvi wakati wote, kwa sababu mfupa uliopata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja unaumia na implanti haitashika. Maji na umeme vikisimama, kazi isimame.

Uliza bei kwa kila hatua, kwa dola au franga, ikiandikwa: skaneli, skrubu, kiungo, kuroni, jino la muda. Bei ya "implanti" peke yake mara nyingi ni ya skrubu tu.

17. Nile nini na nijitunze vipi?

Uma pamba ya kitambaa dakika 30 hadi 45 bila kufungua kufungua. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara. Damu iliyoganda kwenye tundu ndiyo bandeji yenyewe. Kanda kwa baridi dakika 10 hadi 15, pumzika, rudia. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kwa hiyo usiogope asubuhi hiyo.

Kula uji uliopoa, viazi vya kuponda, mayai, sombe iliyotwangwa laini, samaki aliyetolewa miiba. Sambaza wa kukaanga, karanga na mahindi ya kuchoma vingoje wiki 2. Vipande vyake vinaingia kwenye mshono. Kuanzia siku ya pili, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, baada ya kila mlo. Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi ya 10.

18. Dalili gani zinirudishe kwa daktari?

Maumivu yanayoanza upya siku ya 2 hadi ya 4, yanapanda sikioni, na tundu linanuka: damu iliyoganda imetoka na mfupa uko wazi. Huoshwa na kuwekewa dawa. Antibiotiki peke yake hazitoshi. Damu isiyokatika baada ya kuuma kitambaa saa nzima. Implanti inayocheza. Ganzi ya mdomo inayobaki kesho yake.

Nenda hospitali usiku huo huo ukishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, au uvimbe ukishuka shingoni.

## Hali za pekee

19. Kidevu changu kimetangulia mbele. Faseti zitasaidia?

Kidogo sana. Tofauti ya mataya hutengenezwa kwa kukata mfupa na kuufunga kwa vibao vya titani, ukiwa umelazwa usingizi. Kwanza nyaya za meno kwa miezi 12 hadi 18, kisha upasuaji, kisha nyaya tena. Hufanywa ukuaji ukiisha, karibu miaka 16 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Inashangaza wengi kwamba nyaya za kwanza hufanya kidevu kionekane kimezidi. Ni sehemu ya mpango.

20. Nina kisukari, tansio (shinikizo la damu), selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu) au mimba.

Kisukari kilichodhibitiwa hakizuii implanti. Kisichodhibitiwa kinachelewesha kupona na kuleta maambukizi. Tansio ya 180 kwa 110 au zaidi, upasuaji wa kupanga uahirishwe. Usiache aspirini au dawa za kupunguza damu kwa uamuzi wako. Anayetumia dawa za mifupa za kundi la alendroneti aseme kabla ya kung'olewa jino lolote, kwa kuwa taya linaweza kushindwa kupona. Mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri anaweza kufanyiwa kazi hizi.

Mgonjwa wa selimundu asikae na njaa wala kiu akisubiri zamu, na asipate baridi. Daktari wake wa damu ahusishwe. Mjamzito atibiwe maumivu na maambukizi, lakini kung'arisha na upasuaji wa urembo vingoje ajifungue.

Mvutaji aache sigara wiki 1 kabla ya implanti na wiki 8 baada yake.

21. Mwanangu alizaliwa na mdomo wa sungura, na mwingine aling'olewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga. Watapata meno ya kawaida?

Mdomo hushonwa mapema, mtoto akiwa na miezi michache na uzito wa kutosha. Ufa wa mfupa wa fizi hujazwa kati ya miaka 8 na 11, kabla ya chonge la juu kuchomoza, ili lishukie kwenye mfupa mpya. Familia nyingi huishia kwenye mshono wa mdomo na kukosa hatua hii, na chonge hubaki juu. Implanti ya jino lililokosekana ingoje ukuaji uishe.

Kinachoitwa meno ya plastiki ni machipukizi ya machonge ya maziwa. Kuyachimbua hakutibu homa wala kuharisha, na kunaweza kuua au kupotosha jino la kudumu lililo chini. Mtoto huyo apigwe radio akiwa na miaka 7 au 8 ijulikane kama machonge yapo. Yakiwa yamepinda, nyaya na upasuaji mdogo wa kulifunua jino huweza kulivuta hadi mahali pake.

22. Niliwekewa implanti Kigali, sasa kuroni inacheza. Inaweza kurekebishwa Goma?

Mara nyingi ndiyo, kama unajua ni ya aina gani. Kila mtengenezaji ana bisibisi na viungo vyake, na vya mwingine haviingii. Kwa hiyo popote unapowekewa, dai karatasi yenye jina la implanti, kipenyo, urefu na namba ya bechi, pamoja na radio. Ipige picha na uitunze kwenye simu.

Kuroni inayocheza juu ya implanti imara kwa kawaida ni skrubu ndogo ya ndani iliyolegea. Usiitafunie na usisubiri, kwa sababu skrubu iliyolegea huvunjika, na kipande kilichobaki ndani ni kazi ya saa nyingi. Kama bado hujui ni kuroni au implanti yenyewe inayocheza, radio moja ndogo itaonyesha.